Barua ya Makka na simu ya mkononi

(Mhadhara uliotolewa Lindi mjini mbele ya vijana na walimu)

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Ahsanteni. Nimesikia salamu zote tatu zikiitikiwa, tena nyingine kwa midomo ile ile. Nyumbani kwetu ndivyo tulivyokua. Baba alikuwa Mwislamu wa hapa Lindi, mama Mwanglikana wa Masasi, na sisi watoto saba wengine wako kanisani, wengine msikitini. Mimi naswali. Mama yangu amelala chini ya msalaba. Nayasema haya mapema ili mjue anayezungumza nanyi ni mtu wa namna gani.

Mwaka 1908, katika mji huu huu, iliingia barua. Vita vya Majimaji vilikuwa vimezimwa juzi tu, na watu walikuwa bado wanawalilia waliouawa na waliokufa kwa njaa. Barua ilisemekana imetoka Makka. Ndani yake Sheikh Ahmad, mtunza kaburi la Mtume, anasimulia ndoto: Mtume amemtokea, watu wameiacha dini, Kiyama ki karibu, tubuni. Ikanakiliwa kwa mkono, ikatoka mji mmoja hadi mwingine. Wajerumani waliokuwa wakitutawala wakaingiwa na hofu kwamba uasi mwingine unaandaliwa. Katika historia inaitwa Barua ya Makka.

Vijana, barua hiyo mnaijua. Imo kwenye simu zenu. Ni Sheikh Ahmad yule yule na ndoto ile ile, imeongezwa tu "watumie watu ishirini". Na ndugu zangu Wakristo nao wanazo zao: sala ya Mtakatifu Yuda Tadei inayokuja na sharti la kuisambaza, na ole wake atakayeikatisha.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema simu ndiyo iliyotuletea hofu katika dini. Hofu tulikuwa nayo. Ila mwaka 1908 barua ilikuja na mtu. Alipiga hodi, akakaribishwa, akaketi jamvini. Asiyejua kusoma alisomewa. Aliyeshuku alimtazama mleta barua usoni akamuuliza, "Wewe umeipata kwa nani?" Leo inaingia saa sita ya usiku, uko peke yako kitandani, taa umezima, na aliyeitunga humjui wala hakujui.

Nitawaeleza kuhusu kuku. Nilipokuwa mtoto, tukitarajia wageni, mama alinipa jogoo nimshike mbawa, na kisu kimefungwa kwenye kipande cha khanga kuukuu. Nilivuka njia hadi kwa mzee jirani, kwa kuwa baba mara nyingi alikuwa shambani kwenye mikorosho. Mzee yule aliosha kisu, akakipitisha kidogo kwenye ukucha wa kidole gumba kuona kama kinakata, akamwelekeza jogoo kibla, akasema "Bismillahi, Allahu Akbar". Nikarudi na kuku bado anatikisika mkononi. Mama Mwanglikana hakuona kwamba imani yake imepungua. Alitaka kila atakayeingia ale bila kuuliza. Hiyo haikuandikwa popote. Ilikuwa adabu ya nyumba.

Sasa binamu yangu mmoja wa Masasi hagusi nyama iliyochinjwa na Mwislamu. Ameambiwa na mhubiri ambaye hajapata kukutana naye, anamsikiliza kwenye simu akiwa ndani ya basi. Alipokuja Idi iliyopita alikula wali mtupu. Hakuna aliyemsema. Lakini dada yangu aliyepika aliingia jikoni akalia.

Masasi hiyo hiyo alikuwako padri Mwingereza, Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa dayosisi ile mwaka 1926. Alikuta jando. Angeweza kulipiga marufuku kama wamisionari wengine walivyofanya kwingineko, lakini yeye aliona lina mambo ya kuhifadhi, likafanywa jando la Kikristo, lenye sala ndani yake. Unaweza kubishana naye. Wapo wazee wanaoona alilichukua lisilokuwa lake, nami sehemu ya hoja yao naikubali. Lakini alikuwa akiishi hapo. Alikosea au alipatia mbele ya macho ya watu, na kesho yake walikutana naye njiani.

Mama alipofariki, mtoto wa dada yangu hakuingia uani. Alisimama nje, chini ya mwembe, simu mkononi. Usiku ule alikuwa ametumiwa sauti ya sheikh mmoja akisema Mwislamu hana ruhusa kusindikiza maiti ya asiye Mwislamu. Sisemi swali lake ni la kipuuzi. Wanazuoni wamelijadili, hawakuafikiana, na kijana anayetaka kujua Mungu anaridhia nini anastahili heshima. Lakini yule aliyelala ndani ndiye aliyembeba mgongoni kwa mbeleko alipougua surua.

Mjomba wangu, mkubwa wa ukoo, Mwanglikana, alitoka akaenda pale mwembeni. Mimi nilikuwa mlangoni nasikia. Hakumtolea aya wala hakumgombeza. Alisimama naye kimya kitambo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, kaburi halijafika kina, na waliopo wamechoka."

Akamkabidhi koleo.

Kijana aliiweka simu mfukoni mwa shati. Ikawa inadondoka kila akiinama, hatimaye akaivua shati yote akaitundika kwenye tawi. Alichimba mpaka wakamwambia yatosha. Jioni, baada ya watu kutawanyika, alikuja akaketi karibu yangu barazani, mikono bado ina udongo mwekundu, akaniuliza, "Mama mdogo, nimekosea?" Tulizungumza mpaka adhana ya Isha, kisha tukaenda kutawadha.