Kulala kidogo, kulala vibaya, kukosa usingizi: tusivichanganye

Habari zenu wote, karibuni, mliosimama kule nyuma huku mbele bado kuna viti. Nimeambiwa niongee kuhusu usingizi na afya na muda wenyewe si mwingi, kwa hiyo salamu zimeisha, naingia moja kwa moja.

Kuna timu ya Francesco Cappuccio, mwaka 2010 walikusanya tafiti 16 zenye watu zaidi ya milioni 1.3 wakaangalia wanaolala masaa machache na wanaolala mengi nani anakufa mapema. Wanaolala kidogo hatari yao ilikuwa juu kwa asilimia 12 ukilinganisha na wanaolala masaa ya kawaida. Hiyo mmeizoea, ndo mnayotishiwa nayo kila siku. Ila wanaolala sana, wale wa masaa 9 na kuendelea, hatari yao ilikuwa juu kwa asilimia 30. Zaidi ya mara mbili! Sasa mbona hamjawahi kusikia mtu anaambiwa apunguze kulala?

Kwa sababu watafiti wengi wanaamini kule kulala sana ni dalili tu. Mtu ana moyo mbovu, au sonona, au kansa ambayo bado haijagunduliwa, anachoka, anashinda kitandani, halafu anakufa kwa ugonjwa wake na sisi kwenye makaratasi yetu tumeandika alikuwa analala masaa 10. Sawa, nakubali. Lakini ukishaikubali hoja hiyo kwa wanaolala sana, haki ni haki, iulize na kwa wanaolala kidogo. Huyu wa masaa 5 anaumwa kwa sababu halali, au halali kwa sababu anaumwa, au ana kazi mbili na stresi na mawazo ya hela na hayo ndo yanayommaliza? Mi naona hilo ndo swali lenyewe kwenye fani hii yote, na hatuwezi kulijibu kama tunachukua watu wa aina tatu tofauti tunawatia kwenye kapu moja tunawaita "wenye shida ya usingizi". Kwa hiyo leo nataka tuwatenganishe.

Wa kwanza ni anayelala kidogo. Huyu ukimpa kitanda na nafasi analala usingizi wa pono, tatizo ni kwamba nafasi haipo, anakesha na kazi, anakesha na simu, ana mtoto mchanga, ana zamu ya usiku. Kwa mtafiti huyu ni rahisi kuliko wote maana unaweza kuchukua kijana mzima kabisa hana ugonjwa wowote, ukamnyima usingizi kwenye maabara na ukaona kinachotokea, hapo hakuna wa kusema ugonjwa ndo ulitangulia. Karine Spiegel na Eve Van Cauter kule Chicago walifanya hivyo, wakachapisha mwaka 1999, vijana 11 wa kiume, masaa 4 tu kitandani kwa siku 6. Siku 6 tu! Sukari ikawa inachelewa kutoka kwenye damu, mwili wa kijana ukaanza kufanana na wa mtu anayeelekea kwenye kisukari, walipoachiwa walale wakarudi sawa. Watu 11 ni wachache, ndiyo, lakini maabara nyingine zilirudia mambo ya namna hii na mwelekeo ukawa huohuo.

Halafu kuna jaribio la Pennsylvania, Marekani, la mwaka 2003, Hans Van Dongen na David Dinges, hili ningeomba mlibebe hata kama mengine yote mtayaacha hapahapa ukumbini. Walichukua watu 48, wengine wakapewa masaa 8 kitandani, wengine 6, wengine 4, kwa siku 14 mfululizo, na kuna kundi la nne lilikeshwa kabisa siku 3. Kila baada ya muda wanapimwa, unakaa mbele ya skrini, namba ikitokea unabonyeza kitufe haraka uwezavyo, basi, mtihani wa kijinga kabisa lakini ukiwa na usingizi utakuumbua. Wale wa masaa 8 hawakuwa na neno. Wale wa 6 wakawa wanashuka kila siku kidogokidogo, na wa 4 wanashuka haraka zaidi, mpaka wiki ya pili inaisha wale wa 6 walikuwa wanakosa namba kama mtu aliyekesha usiku mzima mmoja, na wale wa 4 kama aliyekesha miwili. Lakini si hapo penyewe. Penyewe ni kwamba walikuwa wanaulizwa vilevile, je unajisikiaje, una usingizi? Siku za mwanzo walisema ndiyo, wamechoka, baada ya hapo majibu yao yakatulia palepale, usingizi si mwingi hivyo, tunaenda tu, huku mtihani unaonyesha wanazidi kuporomoka. Yaani kile kifaa unachokitumia kujipima, ambacho ni ubongo wako, ndo kilichoharibika. Kwa hiyo kila mtu anaponiambia "daktari, mimi masaa 5 yananitosha, nimeshazoea", sibishani naye, namuuliza tu nani amekupima.

Kwa kifupi jinsi inavyokwenda ndani, maana najua mtauliza. Alexander Borbély mwaka 1982 alieleza kwamba kuna mambo mawili yanafanya kazi pamoja. La kwanza, muda wote ukiwa macho kuna kemikali inaitwa adenosini inajikusanya kwenye ubongo (hiyo kemikali yenyewe ilikuja kueleweka na wengine), ndo inayokupa ule uzito wa kope, na ukilala inapungua. Kahawa haiiondoi, kafeini inaenda kukalia nafasi ambayo adenosini ilitakiwa ikae, deni liko palepale isipokuwa mdai amefungiwa mlango, na masaa kama 5 baadaye nusu ya ile kafeini bado unayo mwilini. La pili ni saa ya mwili, iko ndani ya ubongo na inafuata mwanga. Ukifanya kazi usiku unapigana na hiyo saa, na ndo maana shirika la WHO la utafiti wa kansa, IARC, tangu 2007 limeweka kazi za zamu ya usiku kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha kansa. Huenda. Hilo neno lisipotee njiani mkiwasimulia wengine.

Na kuna habari njema kidogo. Mwaka 2022 Esra Tasali na wenzake walichukua watu wazima 80 wenye uzito mkubwa waliozoea kulala chini ya masaa 6 na nusu, nusu yao wakakaa na mtaalamu mara moja wakashauriwa namna ya kuongeza usingizi. Hawakuambiwa habari ya msosi hata kidogo. Wakaongeza kama saa 1 na dakika 10 hivi kwa usiku, na kwa wiki mbili za jaribio wakajikuta wanakula pungufu ya kalori 270 kwa siku kuliko wenzao. Wiki mbili si miaka miwili, sawa, lakini mi ni mtu wa kuamini majaribio kuliko hofu, na hili ni jaribio.

Wa pili sasa, anayelala vibaya. Huyu masaa anayo, anaingia kitandani saa nne anaamka saa kumi na mbili na anaamka amechoka kama alikuwa analima. Hapa kuna mambo kadhaa ila moja linazidi mengine kwa mbali, apnea ya usingizi, yaani pumzi kukatika ukiwa umelala. Misuli ya koo inalegea, njia ya hewa inaziba, kifua kinavuta lakini hewa haipiti, oksijeni inashuka, mpaka ubongo unashtuka unakuamsha nusu, unavuta pumzi kwa kishindo, unalala tena, inaziba tena. Kila mkatiko unaohesabiwa ni wa sekunde 10 au zaidi, na ikifika mara 30 kwa saa tunaita kali. Mara 30 kwa saa! Na mwenyewe asubuhi hakumbuki chochote, anayejua ni anayelala naye chumbani. Kila ikitokea hivyo presha inaruka, moyo unashtuliwa, na huko Wisconsin, Marekani, watafiti waliwafuatilia watu 709 kwa miaka 4, wakachapisha mwaka 2000, kwamba wenye mikatiko 15 au zaidi kwa saa uwezekano wao wa kuwa na presha ya juu baadaye ulikuwa karibu mara 3 ya wasio nayo, hata baada ya kuzingatia uzito na umri. Makadirio yaliyotoka 2019 yalisema duniani kuna watu wazima milioni 936 wana apnea ya kiwango chochote. Wengi hawajui. Kukoroma tunakucheka, tunakurekodi tunatumiana kwenye magrupu, tumeishia hapo.

Tiba kubwa ni mashine inayosukuma hewa puani ili koo lisizibe, Colin Sullivan aliieleza mwaka 1981 kule Australia. Na hapa niwe mkweli kwenu. Mwaka 2016 lilitoka jaribio kubwa la watu 2,717 wenye apnea ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya ubongo, nusu wakapewa mashine, na matokeo ni kwamba haikupunguza mashambulizi ya moyo wala kiharusi. Watu wa fani hii walivunjika moyo kidogo. Wengine wanasema ni kwa sababu walioivaa waliivaa wastani wa masaa 3.3 tu kwa usiku, na inawezekana kabisa, ila bado hilo ni dhana mpaka mtu alithibitishe. Kilichothibitika ni kwamba kusinzia mchana kulipungua na hali ya moyo, moyo huu wa furaha na huzuni, ikawa afadhali. Kwa mtu anayeendesha gari hiyo peke yake inatosha, mi naona.

Wa tatu ndo anayekosa usingizi. Nafasi anayo, kitanda anacho, usingizi umegoma. Akitokewa na hayo angalau siku 3 kwa wiki kwa miezi 3, na mchana wake unaharibika, tunasema ni sugu. Cha ajabu wengi wao ukiwapima maabara wanalala zaidi ya wanavyodhani, na si kwamba wanadanganya, usingizi wao ni wa mang'amung'amu kiasi kwamba wanauhesabu kuwa ni kukesha. Alexandros Vgontzas na wenzake mwaka 2009 wakaonyesha kitu muhimu, kwamba wenye presha zaidi walikuwa ni wale wanaolalamika kukosa usingizi NA wakipimwa kweli wanaonekana wanalala chini ya masaa 5. Ambaye analalamika lakini kipimo kinasema amelala masaa 6 na zaidi, presha yake haikuwa tofauti na ya watu wengine. Mnaona sasa kwa nini kapu moja ni tatizo? Huyu wa mwisho ukimtisha kwamba atakufa kwa moyo umemuongezea sababu nyingine ya kukodoa macho usiku, na hizo habari za kutisha zimeharibu watu wengi usingizi kuliko wanaoziandika wanavyodhani.

Kwa upande wa akili lakini hapo shida ni ya kweli. Zamani tulisema sonona inaleta kukosa usingizi, siku hizi tunajua inakwenda pande zote mbili. Daniel Freeman wa Oxford mwaka 2017 alichapisha jaribio la wanafunzi 3,755 wa vyuo vikuu 26 vya Uingereza wenye kukosa usingizi, nusu wakapewa tiba ya tabia na mawazo kupitia intaneti, inatibu usingizi peke yake, na usingizi ulipokaa sawa zile hisia za kuona kila mtu anakuwinda nazo zikapungua. Ukitibu kimoja na kingine kikasogea basi kuna kamba inayounganisha.

Haya, maswali. Huyu dada ameandika, "dawa za usingizi je?" Chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani mwaka 2016 kilisema tiba ya kwanza kwa kukosa usingizi sugu ni hiyo ya tabia na mawazo, vidonge baadaye, kwa muda mfupi, mkishajadiliana na daktari. Sehemu moja ya tiba hiyo watu hawaipendi kabisa, unaambiwa upunguze muda wa kukaa kitandani, kama unalala 5 kati ya 9 unaanza na 5 au 5 na nusu, usingizi ukishashika unaongezewa. Wiki ya kwanza utanichukia. Na usiifanye peke yako kama una kifafa, au ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, au unaendesha mitambo. Kuhusu vidonge vyenyewe, wazee wanaanguka navyo usiku, na baadhi yake pamoja na pombe vinalegeza misuli ya koo, kwa hiyo ukimpa mtu mwenye apnea ambaye hajajulikana umemzibia zaidi.

Masaa mangapi? Kwa watu wazima wataalamu wa Marekani walikubaliana 2015 kwamba ni 7 au zaidi. Hawakusema 8 kamili, na wapo wachache sana ambao kwa kuzaliwa wanatosheka na chini ya hapo, ila kila anayejiita mmojawao mara nyingi ana kikombe cha kahawa mkononi.

La mwisho, baba pale, anasema mke wake anakoroma sana, atajuaje kama ni apnea au ni kukoroma tu. Sikiliza ukimya, mzee wangu. Kukoroma kunakoenda kwa mfululizo mara nyingi hakuna neno, unachotafuta ni kukoroma, halafu kimya kifua kikiwa bado kinahangaika, halafu anashtuka kwa kukoroma kukubwa. Hesabu ni mara ngapi, mrekodi kwa simu ukishamwomba ruhusa, muulize kama anaamka na kichwa kinauma au anasinzia akikaa mchana, mpime na presha. Wanawake huwa wanakuja na malalamiko ya uchovu na kukosa usingizi kuliko kukoroma na ndo maana wanapitwa. Ukiwa na hayo yote nendeni pamoja, usimtume peke yake, maana daktari akimuuliza yeye atasema analala vizuri tu.