Ishirini na Tano, Tano na Ishirini: Nambari Zinapovuka Lugha Ndani ya Meinfremu

Assalamu alaykum. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nianze na jambo analolijua kila mtoto aliyepita madrasa hapa Tanga. Kwa Kiswahili tunasema ishirini na tano: kubwa mbele, dogo nyuma. Ustadhi akihesabu kwa Kiarabu husema khamsa wa ishrin, tano na ishirini. Idadi ni ileile. Taabu huja pale mmoja anapotamka, mwingine anaandika, na hakuna aliyeuliza tunahesabu kwa lugha gani.

Meinfremu, zile kompyuta kuu za ukoo wa System/360 ambayo kampuni ya IBM iliitangaza Aprili 1964, huweka baiti (kisanduku kidogo cha kumbukumbu) kubwa mbele, kama Kiswahili. Kompyuta nyingi za mezani huanza na ndogo. Chukueni marobota 1,250 ya mkonge. Katika baiti nne za meinfremu, tukiandika kwa msingi wa 16 ambamo A hadi F ni kumi hadi kumi na tano, yanakaa hivi: 00 00 04 E2. Ukizihamishia mezani bila kuzigeuza, utasomewa hasi 503,054,336. Hapo karani yeyote atashtuka, na kosa litatafutwa siku hiyohiyo.

Ninaloliogopa ni kosa la kimya, na hilo huzaliwa ndani ya mashine moja, baina ya lugha mbili za kuandikia programu, kama COBOL na C.

COBOL ilitengenezewa watu wa hesabu za fedha, nayo ina namna yake ya kubana tarakimu, iitwayo COMP-3. Kila nusu ya baiti hubeba tarakimu moja, na nusu ya mwisho hubeba alama: herufi C kwa chanya, D kwa hasi. Marobota yetu yakiwekwa hivyo katika baiti nne yanakuwa 00 01 25 0C. Yatazameni: 1250 inaonekana kwa macho. Sasa programu ya lugha ya C izipokee baiti hizo kwa kudhani ni nambari nzima ya kawaida. Itasoma 75,020. Programu haisimami, hakuna onyo, na nambari yenyewe haina sura ya ajabu. Meli inaweza kubeba marobota 75,020. Nani atauliza?

Nambari za desimali ni mtihani zaidi. System/360 ilizihesabu kwa msingi wa 16. Kanuni ya IEEE 754 ya mwaka 1985, inayotumika karibu kila mahali leo, huzihesabu kwa msingi wa 2. Meinfremu za sasa zinajua zote mbili, na ndiyo sababu ya kuwa macho. Moja kamili kwa utaratibu wa zamani ni 41 10 00 00. Isome baiti hizo kwa utaratibu wa IEEE: unapata tisa. Tisa kamili, haina hata sehemu ya ziada ya kukutia shaka.

Mimi mwenyewe niliumizwa na jambo dogo kuliko hayo. Katika ofisi moja niliyofanyia kazi ujanani, jumla zilikuwa zinapungua na hatukujua zinakwenda wapi. Baiti mbili zenye nafasi ya alama ya chanya au hasi hubeba hadi 32,767. Lakini ukiiambia COBOL kwamba sehemu hiyo ni ya tarakimu nne, kwa TRUNC(STD), agizo la kukata tarakimu zinazozidi, inakutii neno kwa neno: ukihamishia humo 12,500, inakata ya mbele na kubakiza 2,500. Tulikesha siku tatu. Dawa ilikuwa kuandika COMP-5, aina nyingine ya nambari ya COBOL, inayofuata upana wa baiti zenyewe. Tangu siku hiyo kila nambari inayovuka kwenda lugha nyingine naiandikia upana, alama na aina yake, katika karatasi moja inayosomwa na pande zote mbili.

Kuna na nafasi tupu: C ikiweka herufi moja kisha nambari ya baiti nne, kwa kawaida huacha baiti tatu wazi katikati ili nambari ikae sawa. COBOL haiachi mpaka uandike SYNC, neno la kuiagiza ipange hivyo. Rekodi moja ni baiti nane, nyingine tano.

Kijana wa nyuma anauliza kwa nini tusipeleke kila kitu kama maandishi. Swali zuri. Kwa rekodi chache, fanya hivyo. Lakini meinfremu huandika kwa EBCDIC na mezani kwa ASCII, orodha mbili tofauti za namba za herufi, kwa hiyo hata maandishi yanahitaji mkalimani. Tena tarakimu saba kwa maandishi ni baiti saba, kwa COMP-3 ni nne. Zidisha kwa rekodi milioni mia moja, uone.

Sasa chaki hii hapa. Nani atakuja kuniandikia hasi 1,250 kwa COMP-3? Baiti tatu zinatosha. Binti wa mbele, karibu.