Kiwambo cha sauti hakiifanyi bunduki kuwa bubu

Shikamooni wazazi wangu, nanyi ndugu zangu mnaonitazama kutoka Tanga na kwingineko, habari za siku nyingi. Leo niko kwenye uwanja wa kulengea shabaha nje ya Minneapolis, theluji imenifika vifundoni, na ninawajibu mlioniuliza kuhusu kiwambo cha sauti, yaani kile kifaa cha kupunguza mlio mlichokiona kwenye mdomo wa bunduki yangu.

Katika filamu, bastola yenye kiwambo hutoa mlio kama wa kikohozi na jirani asishtuke. Sivyo ilivyo. Mlio wa bunduki una vyanzo viwili. Cha kwanza ni gesi ya baruti inayofumuka kwenye mdomo wa mtutu. Kiwambo huipitisha gesi hiyo katika vyumba vidogo vidogo, ikapoa na kupunguza kasi kabla ya kutoka, na mlio ukashuka kwa desibeli 20 hadi 35 hivi. Bunduki kubwa ya kuwindia hufikia desibeli 160, kwa hiyo hata baada ya kupunguzwa mlio wake bado ni mkali, nami sivui vikinga masikio. Sikio langu la kushoto limekuwa likivuma usiku na mchana tangu nilipofyatua bila vikinga miaka michache iliyopita, na sitamani hali hiyo impate yeyote kati yenu.

Chanzo cha pili ni risasi yenyewe, ambayo ikienda kasi kuliko sauti huipasua hewa kama mjeledi, na mlio huo kiwambo hakiugusi kabisa. Ndiyo maana tunatumia risasi za mwendo wa chini. Hii iliyo kiganjani mwangu, ya bunduki ndogo ya .22 (yaani kipenyo cha inchi 0.22 hivi), hutoka kwa mita kama 320 kwa sekunde, ilhali sauti husafiri mita 343 katika joto la nyuzi 20. Julai nilikuwa nikisikia chuma kikigonga ndani ya bunduki, kisha, baada ya kitambo kidogo, bati la shabaha likilia. Lakini asubuhi hii ni nyuzi 20 chini ya sifuri, na kwenye baridi hii sauti husafiri mita 319 tu, hivyo baadhi ya risasi za boksi lile lile huipita na kupasua hewa. Mara ya kwanza nilidhani kiwambo kimelegea.

Risasi hizi pia hushuka upesi: bunduki iliyorekebishwa ipige katikati ya shabaha iliyo mita 50 hupiga zaidi ya sentimita 15 chini ya shabaha iliyo mita 100.

Kuhusu sheria, jimbo hili la Minnesota liliruhusu viwambo mwaka 2015, lakini sheria ya 1934 ya serikali kuu ya Marekani bado inamdai anayetaka kiwambo fomu, picha na alama za vidole. Aliyepewa hataza (haki ya uvumbuzi) ya kiwambo mwaka 1909, Hiram Percy Maxim, alikuwa mwana wa yule aliyeunda bombomu la Maxim, silaha iliyotumiwa kuwaua babu zetu, na baba huyo milio ya bunduki zake ilimharibu masikio.

Sasa nitafyatua mara tano. Ongezeni sauti ya simu zenu mlisikilize lile bati.