Undugu Uleule, Milango Miwili

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni.

Mji huu wetu wa Arusha ndio uliopokea mkutano wa Afrika nzima kuhusu wakimbizi, Mei 1979. Kwa hiyo naona ni haki tuulizane hapa: mkimbizi akibisha hodi naye ni wa kabila lako, serikali imfanyeje?

Twende Handeni. Karne ya 19 Wazigua walichukuliwa utumwani hadi Somalia. Waliotoroka wakajificha misituni kando ya Mto Juba, wakalima, wakazaa, na Kizigua hawakukiacha. Vita vilipolipuka mwaka 1991, baadhi yao walishika njia ya kurudi kwa mababu. Serikali yetu iliwapokea, kwanza kambi ya Mkuyu, kisha makazi ya Chogo, ikawapa ardhi na uraia. Fikirieni: mtu anashuka kwenye nchi ambayo hata babu yake hakuiona, anafungua mdomo, na mwenyeji anamwelewa! Najivunia sana jambo lile.

Sasa Kigoma. Kiha, lugha ya Waha wa huko, na Kirundi cha jirani zetu wa Burundi vinasikilizana. Undugu ni uleule, ila huko unageuka mashaka: Muha aliyezaliwa Kasulu anaambiwa athibitishe kwamba si Mrundi. Lugha iliyomfungulia Mzigua mlango ndiyo inayomfungia Muha, tena akiwa nyumbani kwake.

Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 haimuulizi mwombaji kabila. Inataka awe ameishi nchini, ana tabia njema, anajua Kiswahili au Kiingereza. Ndiyo njia waliyopita Warundi waliokimbia kwao mwaka 1972, wale wa makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, zaidi ya 160,000 waliopewa uraia. Hapo hakuna aliyepimwa damu. Mimi nasimama na kipimo hicho cha sheria, kwa mkimbizi na kwa raia vilevile.

Maana nimeona kipimo kingine kikitumika. Nilikuwa kwenye basi kutoka Kigoma, tukasimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Kijana niliyekaa naye alitoa kadi ya mpiga kura. Haikutosha. Akaulizwa babu yake kazikwa wapi, na chifu wao alikuwa nani. Alijibu taratibu, kwa lafudhi yake ya Kiha, na kadiri alivyojibu ndivyo alivyozidi kutiliwa shaka. Akateremshwa. Basi likaondoka. Galoni yake ya mawese ilibaki miguuni pangu hadi Tabora.