Mikono Ifike Mwisho: Mhadhara kwa Walimu na Makocha wa Besiboli na Softiboli, Jinja

Walimu wangu, makocha wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na mlango, habari za asubuhi. Nimeombwa niseme Kiswahili kwa kuwa humu ndani tuna Waganda, Wasoga, Wagisu, Waacholi na Walugbara, na katika Kiswahili hakuna aliye mgeni wala mwenye nyumba. Nimekuja na jambo moja tu: namna mpigaji anavyozungusha gongo. Kurusha, kudaka na kukimbia vituoni tutavizungumza siku nyingine.

Nianze na silesha, lile fyekeo refu la nyasi. Nani hapa hajawahi kupewa silesha shuleni, iwe ni zamu au adhabu? Basi mnakumbuka. Siku ya kwanza unafyeka kwa mkono. Robo saa haijapita, bega linawaka moto na nyasi zimelala tu, hazijakatika. Halafu unamtazama mzee anayefyeka kando ya barabara tangu alfajiri. Mkono wake umelegea. Kinachofanya kazi ni kiuno. Kiuno kinageuka, bega linafuata kiuno, mkono unafuata bega, na ncha ya silesha inafika mwisho kabisa, ikipita kwa kasi kuliko vyote vilivyoitangulia. Hilo ndilo pigo la besiboli, na ndilo la softiboli vilevile.

Taabu ni kwamba watoto wetu wengi wanalizoea jembe kuliko silesha. Jembe linatoka juu linakwenda chini, na nguvu yake ni mabega. Mtoto akipewa gongo, mwili unakumbuka jembe. Na sisi makocha tunamwongezea kosa. Mimi kocha wangu wa kwanza aliniambia niukate mpira kama ninayepasua kuni. Nilimtii miaka miwili. Kila nilichopiga kilibiringika chini hadi miguuni mwa walinzi wa karibu, nikawa natolewa kabla sijafika kituo cha kwanza. Nilirudi nyumbani nikilia, nikiamini sina kipaji. Kumbe nilikuwa nafanya sawasawa kile nilichoagizwa.

Sasa sikilizeni kwa nini agizo lile lilikuwa baya. Mrushaji wa besiboli anauachia mpira juu ya bega, tena amesimama kwenye kichuguu, yaani kile kilima kidogo cha katikati ya uwanja. Unapomfikia mpigaji, uko kati ya kifua na goti. Maana yake unateremka. Gongo nalo likija linateremka, njia hizi mbili zinakatana kama barabara kwenye njia panda: mahali pa kukutana ni padogo mno, ukiwahi kidogo umekosa, ukichelewa kidogo umekosa. Lakini gongo likipanda kidogo, digrii chache tu, kwa kuufuata ule mteremko wa mpira, vyote viwili vinakuwa kwenye barabara moja vikitazamana. Ukiwahi, utaupata na utakwenda upande mmoja wa uwanja. Ukichelewa, utaupata bado, uende upande mwingine. Kosa lako la wakati limesamehewa. Ted Williams, mpigaji aliyemaliza msimu wa 1941 Marekani kwa wastani wa .406, yaani kama mapigo manne yaliyomfikisha kituoni kwa kila majaribio kumi, alilipigania wazo hili miaka mingi wakati makocha wengi walikuwa wakihimiza kukata chini.

Kwenye softiboli mkono unatoka chini, mpira unaachiwa karibu na nyonga, na mrushaji amesimama kwenye ardhi tambarare. Mteremko ni mdogo zaidi, kwa hiyo gongo linapita karibu sambamba na ardhi. Sambamba, nasema. Si kushuka.

Na muda je? Katika besiboli ya watu wazima, kutoka kwa mrushaji hadi kwa mpigaji ni mita 18.44. Katika softiboli ya wanawake ni mita 13.11. Mpira wa besiboli wa kilomita 145 kwa saa na wa softiboli wa kilomita 100 kwa saa humfikia mpigaji kwa muda unaokaribiana, takriban sekunde 0.4. Pigo lenyewe linakula kama sekunde 0.15. Kinachobaki ni robo sekunde ya kuona, kupima na kuamua. Kwa hiyo dada zetu wa softiboli hawachezi mchezo mwepesi, na nitalisema hilo popote nitakapopewa nafasi ya kusimama.

Kuna muda mwingine ambao ulinibadilisha mimi nilipoujua. Gongo na mpira hugusana kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Basi. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuusukuma mpira katika muda huo. Yote yamekwisha fanyika kabla: kasi ya gongo, njia yake, na mahali linapogusia. Ndiyo maana mtoto anayekaza mikono na kung'ata meno ili apige kwa nguvu anajinyima nguvu yenyewe.

Tulifuate pigo tangu chini. Miguu ipanuke kupita mabega kidogo, magoti yalegee, uzito uende mguu wa nyuma. Mguu wa mbele unapiga hatua fupi, na hapo mikono bado iko nyuma. Hapa ndipo mnapotakiwa kumtazama mtoto kwa makini. Kisigino cha mbele kikitua, nyonga zianze kugeuka huku mabega yakisubiri. Mwili unajisokota kama nguo inayokamuliwa. Kisha mabega yanajiachia, kiwiko cha nyuma kinashuka karibu na mbavu, na mikono inavutwa. Inavutwa, haianzi.

Mguu wa mbele nao una kazi ambayo wengi tunaisahau. Umewahi kupanda boda boda, dereva akafunga breki ghafla? Pikipiki imesimama, wewe kifua kinarushwa mbele. Mguu wa mbele ndiyo breki hiyo. Unakaza, nyonga zinasimama, na mwendo wote unahamia juu hadi kwenye gongo. Mtoto ambaye goti lake la mbele linapinda wakati wa kupiga anauacha mwendo wake upotee ardhini.

Magongo yetu. Shule nyingi zina moja au mawili, yaliyotoka kwa watu wazima, mazito kwa mtoto wa miaka 11. Msimwambie ajikaze. Mwambieni ashike juu zaidi, vidole vinne au vitano kutoka kwenye kitako cha gongo. Litageuka kwa wepesi, na kasi ina faida kuliko uzito. Mkiona amepishanisha mikono, wa juu chini na wa chini juu, msimcheke. Hank Aaron, mpigaji wa Marekani aliyepiga mipira 755 ya kuzunguka vituo vyote, alianza hivyohivyo utotoni. Mrekebisheni taratibu tu.

Naulizwa mara kwa mara, tutafanyaje mazoezi bila vifaa? Mpira wa majani makavu ya mgomba uliofungwa vizuri unatosha. Uweke juu ya kigogo kinachofika kiunoni, upigwe kuelekea ukutani. Tairi kuukuu lililofungwa kwenye mwembe linamfundisha mtoto kugonga akiwa amekaza mguu wa mbele, bila kuumiza viganja. Timu ya watoto wa Lugazi ilifika Williamsport, Marekani, mwaka 2012, ikawa ya kwanza kutoka Afrika kucheza Kombe la Dunia la Little League, yaani la besiboli ya watoto, na ikaishinda timu ya Oregon 3 kwa 2. Watoto wale wamelelewa kwenye ardhi hii hii.

Mazungumzo yatoshe. Nimeweka silesha sita pale nje karibu na uzio. Kila mwalimu afyeke dakika tano kwa mkono, kisha dakika tano kwa kiuno, ndipo tushike magongo. Twendeni kabla mvua haijashuka.