Usipige kiki bado: kuiamsha Honda CG125 iliyolala stoo miaka 18

Mwangaluka, ndugu watazamaji. Wakubwa wote, shikamooni. Leo tupo Isevya, Tabora mjini, uani kwa mjomba wangu, chini ya mwembe. Hii mnayoiona juu ya matofali ni Honda CG125, ya zile za mwanzo, volti 6, ya poenti, yaani vile vidomo viwili vinavyofunga na kuachana ili cheche itoke. Mjomba alikuwa bwana shamba wa tumbaku upande wa Urambo. Aliizungusha vijijini miaka na miaka mpaka goti lilipomkatalia. Tangu siku hiyo imelala stoo, miaka 18, juu yake magunia, chini yake kuku wanataga. Hakuna mtu aliyeiharibu. Imeharibiwa na kukaa.

Kabla sijashika spana, nina ombi moja kwa yeyote mwenye pikipiki ya namna hii nyumbani: usipige kiki. Najua mguu unawasha. Watu wamejaa uani, kila mmoja anasema jaribu kidogo tuone. Usijaribu. Miaka ya nyuma nililetewa pikipiki kama hii, nikapiga kiki mara tatu tu. Ndani ya silinda kulikuwa na duara la kutu pale ringi zilipokaa muda wote. Ringi moja ikakatika, kipande chake kikaichora silinda juu mpaka chini. Kazi ya siku mbili ikageuka kazi ya kupeleka silinda ikachongwe na kutafuta pistoni ya saizi ya juu. Mwenye mali alikuwa ameachiwa ile pikipiki na baba yake. Kosa lilikuwa langu, na sijalisahau. Kwa hiyo kwenye video hii kiki inakuja mwishoni.

Haya, tuanze. Toa tangi, toa kabureta, peleka mbali kabisa na mahali unapofanyia kazi. Baadaye tutatumia moto kidogo, na mvuke wa petroli hauna urafiki. Tangi tupu lenye mvuke linaweza kulipuka, kwa hiyo usidanganyike kwamba halina kitu.

Sasa plagi. Kwanza safisha pembeni yake kwa brashi, au puliza vumbi, maana huu mchanga wa Tabora ukidondoka ndani ya silinda ni msasa. Fungua plagi taratibu. Ikigoma, tia oili ya kupenyeza, subiri, rudisha kidogo, fungua tena. Ikitoka, mulika tochi ndani. Sogeza kamera hapa... mnaona? Ukuta wa silinda una rangi ya kahawia upande mmoja. Hiyo ndiyo kutu niliyokuwa naisema.

Dawa yake ni rahisi, ila inataka uvumilivu. Changanya oili ya injini na diseli, nusu kwa nusu, mimina vijiko viwili au vitatu vya chakula kupitia tundu la plagi. Ziba tundu kwa kitambaa safi. Uache. Sisemi saa moja; sisi tumeacha siku tatu, kila jioni naongeza kijiko kimoja. Siku ya tatu weka gia ya juu kabisa, kisha shika tairi la nyuma kwa mikono miwili, tikisa mbele na nyuma polepole. Usilazimishe. Unachotafuta ni ile dalili ndogo ya kulegea, kama mlango uliovimba masika unapoanza kuachia. Jana jioni tairi lilisogea nusu inchi. Leo asubuhi limezunguka lote. Mjomba alikuwa amekaa pale kwenye kigoda, akanyanyuka bila fimbo.

Injini ikizunguka kwa mkono umeshavuka mto mkubwa. Ikigoma baada ya wiki nzima, fungua hedi, yaani kile kichwa cha juu ya silinda, na silinda yenyewe, usiipige nyundo.

Wakati silinda inaloweka, usikae bure. Tunarudi kwenye tangi. Petroli ya miaka 18 siyo petroli tena, inanuka kama rangi ya mbao. Mwaga mahali salama, siyo kisimani wala kwenye mtaro. Ndani kuna kutu. Tumetia nati ndogondogo na kipande cha mnyororo wa zamani, tukajaza siki, tukatikisa, tukaacha siku mbili. Halafu mwaga, suuza kwa maji yenye magadi ili kuua ukali wa siki, suuza tena kwa maji matupu, anika juani papo hapo. Hapa wengi wanaharibu: wanasafisha vizuri, kisha wanaacha tangi bichi usiku kucha. Asubuhi kutu imerudi. Likikauka tu, mimina petroli kidogo iliyochanganywa na oili, zungusha ifike kila kona. Hesabu nati zako na zitoke zote. Safisha koki na chujio lake, halafu kwenye mpira wa mafuta weka filta ndogo ya plastiki kama zile za bodaboda.

Nimetaja bodaboda, na hapa kuna habari njema. CG125 ilianza kuuzwa mwaka 1976. Honda waliitengeneza kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako pikipiki inabeba kuliko ilivyoandikiwa na oili inasahaulika. Badala ya kamshafti (shafti inayofungua valvu) ya juu inayovutwa na cheni, waliweka fimbo mbili za kusukuma valvu. Muundo huo ukaigwa sana China, na pikipiki nyingi za bodaboda mnazoziona pale stendi zina injini ya ukoo huohuo. Kwa hiyo gasketi, ringi, sahani za klachi na hata pistoni unaweza kuzipata madukani hapa hapa. Lakini nenda na kifaa chako mkononi, ukipime. Pistoni ya asili ni milimita 56.5. Usikubali maneno ya "inaingia tu, fundi". Vinavyofanana kwa macho vinaweza kutofautiana kwa tundu moja la boliti.

Kabureta ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Muuza duka alitaka kuniuzia mpya. Mjomba akasema, "Mjomba, hiyo usiitupe. Hiyo ndiyo inayoijua hii injini." Na kweli, ya asili ikiwa haijaliwa na kutu, safisha, usibadilishe. Kabla ya kufungua, ile skrubu ndogo ya pembeni ya hewa izungushe ndani taratibu huku unahesabu, mpaka iguse, na uandike hesabu. Usiikaze, ncha yake ni laini. Kisha itoe. Fungua bakuli la chini. Huu utomvu wa njano ni petroli iliyokauka. Toa floti, lile boya la ndani, toa sindano yake, toa jeti kubwa na jeti ndogo. Jeti ndogo ndiyo inayowashinda watu, kwa sababu tundu lake ni jembamba mno na ndiyo inayolisha injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma taratibu bila kuvuta mafuta. Iinue juu, itazame kwenye mwanga. Usipoona kitundu cha duara kabisa, haijasafishika.

Loweka vyote kwenye dawa ya kopo ya kusafishia kabureta, halafu puliza kwa upepo wa kompresa pale wanapojaza tairi. Usitie waya wa chuma kwenye jeti, ukipanua tundu umeiharibu. Mimi natumia unyuzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya laini wa umeme, na hata huo bila kusugua. Unaporudisha, tikisa floti sikioni. Ukisikia maji ndani, imetoboka. Ile skrubu irudishe kwenye hesabu yako. Kama hukuandika, anzia mzunguko mmoja na nusu nje.

Tuje kwenye boliti zilizoshika. Nati za ekzosi hizi zimeungana na vyuma vyake. Mzee mmoja aliyefanya kazi karakana ya reli alinifundisha hili, na huku kwetu dawa yenyewe haina shida: nta ya nyuki. Pasha nati moto mpaka iwe kali, toa moto, gusa kwa kipande cha nta. Nta inayeyuka na kuvutwa ndani ya reza, ile mistari ya nati, kama mafuta yanavyopanda utambi. Acha ipoe kidogo, kisha spana ya duara, siyo ya mdomo. Kaza kwanza nywele moja, ndipo ufungue. Hiyo, imetoka. Ukiivunja hapa unaanza kutoboa hedi ya aluminiamu, na hiyo ni habari nyingine.

Ekzosi ikiwa nje, ipige kidogo kwa gogo. Udongo huo wote ni nyumba ya nyigu. Na kwenye boksi la filta ya hewa, panya wamelala humo vizazi vitatu. Filta ya asili ikishika mkononi inasagika unga, tumeweka mpya.

Oili. Fungua nati ya chini, kinga na beseni, angalia rangi. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Hii ni nyeusi, nzito, bila vipande vya chuma. Osha chujio la ndani kwa petroli. Jaza oili ya pikipiki, kwa joto letu naweka 20W-50, kama lita moja hivi, lakini kijiti ndicho kitakachokuambia imetosha. Isiwe oili ya gari yenye dawa za kupunguza msuguano, kwa sababu klachi ya pikipiki hii inaogelea kwenye oili hiyohiyo na itateleza.

Umeme. Cheche ya CG hii inatoka kwenye magneto, inayotengeneza umeme injini ikizunguka, haingoji betri. Betri yetu imekufa zamani, na haituzuii. Fungua kava la kushoto, zungusha sahani ya magneto mpaka poenti zionekane kwenye dirisha lake. Midomo ya poenti imefunga ukungu wa kijani. Pitisha msasa laini kabisa mara mbili tatu, kisha karatasi ngumu iliyochovywa petroli, ili unga wa msasa usibaki. Poenti zikiwa zimefunguka mwisho, pengo liwe milimita 0.3 mpaka 0.4. Alama ya F, ambayo ni ya kupiga cheche, ikifika kwenye alama ya bodi, poenti ndiyo zianze kuachana.

Tukiwa hapohapo, peleka kwenye alama ya T, pistoni ikiwa juu kabisa, valvu zote mbili zikiwa zimelegea, pima nafasi ya kila moja injini ikiwa baridi: milimita 0.08. Kipimo kipite kwa kubana kidogo, kama unavyovuta karatasi kwenye kitabu.

Plagi mpya, pengo 0.6 mpaka 0.7. Iunganishe kwenye kofia yake, ilaze juu ya chuma cha injini mbali na tundu, na hakikisha hakuna petroli jirani. Sasa ndipo nasukuma kiki, kwa mkono, tundu la plagi likiwa wazi. Diseli iliyobaki itaruka nje, msichungulie. Hakuna cheche. Msikate tamaa. Ule waya unaokwenda kwenye swichi ya ufunguo kazi yake ni kuzima kwa kuupeleka umeme kwenye bodi. Swichi iliyooza ndani inazima muda wote. Nauchomoa... haya, tazama. Cheche ya bluu. Swichi tutaisafisha, lakini koili ni nzima.

Endelea kusukuma mara thelathini, arobaini, huku kava la valvu limefunguliwa, mpaka uone oili imepanda juu. Bila kuiona, usiwashe.

Siwashi kwa tangi. Nimening'iniza chupa ndogo yenye petroli mpya kwenye usukani, mpira unashuka kwenye kabureta. Likitokea lolote, naondoa chupa tu. Choki juu. Gia huru. Mafuta usivute. Kiki ya kwanza... kimya. Ya pili... imekohoa. Naipumzisha, natoa plagi: imelowa. Petroli inafika, cheche ipo, basi choki imezidi. Ingekuwa kavu ningerudi kwenye jeti na floti. Nafuta plagi, nashusha choki nusu. Ya tatu...

Sikilizeni. Sikilizeni huo mlio.

Moshi huu mweupe msiuogope, ni ile oili ya silinda inaungua. Ukiendelea baada ya dakika kumi na kugeuka bluu, ringi zimekwisha. Dakika tatu zinatosha leo. Shika kava kwa mkono, sikiliza kama kuna kugonga kwa chini.

Barabarani bado hatuendi. Tairi zina nyufa. Hata zingekuwa hazijakanyaga barabara ni lazima zitoke, mpira unazeeka ukiwa umesimama. Angalia ubavuni, tarakimu nne ni wiki na mwaka zilipotengenezwa, na zikiwa tatu, tairi ni la kabla ya mwaka 2000. Ngoma za breki nafungua na kufuta kwa kitambaa kibichi, sipulizi kwa mdomo wala kompresa, kwa sababu breki za zama zile zinaweza kuwa na asbesto, na vumbi lake linaua mapafu. Waya za klachi na breki mpya. Mnyororo mpya pamoja na sproketi zake. Na kadi: linganisha namba za fremu na injini, halafu uulize TRA kuhusu usajili kabla hujatoka getini.

Mjomba ameomba aizime mwenyewe. Ufunguo ameutoa mfukoni, umefungwa na ule wa stoo kwa uzi uleule. Swichi bado nimeichomoa, mjomba, kwa hiyo leo bana ule mpira wa chupa, ngoja petroli iishe kwenye bakuli, itajizima yenyewe. Kesho asubuhi ikishapata joto kidogo naimwaga oili hii mpya, naosha chujio tena, kwa sababu kutu yote tuliyoilegeza imo humo ndani.