Nani Alimpa Samatta Mpira?

Mhadhara kwa makocha wa timu za vijana, Temeke, Dar es Salaam

Shikamooni wazee wangu, vijana, mambo? Wengi hapa mmeshanisikia nikilisema jambo hili, kwamba mfungaji ana deni kwa wenzake wanaompa mpira, na mzee mmoja pale mbele keshaanza kutabasamu maana anajua naanza na nani. Naam, naanza na straika wetu, Mbwana Samatta. Mtanivumilia.

Samatta wa Genk mnamkumbuka. Msimu wa 2018/19 alitupia mabao 23 kwenye ligi ya Ubelgiji, Genk wakabeba ubingwa. Mbagala, kwao, hapakulalika. Januari 2020 akahamia Aston Villa: mechi 14 za Ligi Kuu ya Uingereza, bao moja, dhidi ya Bournemouth. Vijiwe vya Kariakoo vikatoa hukumu kabla hata msimu haujaisha. "Ligi imemshinda."

Sasa nauliza: mguu ule ule, kichwa kile kile, ndani ya miezi michache kilipungua nini? Tazameni nani walikuwa nyuma yake kule Genk msimu ule. Leandro Trossard, huyu huyu mliyekuja kumshangilia Arsenal. Ruslan Malinovskyi, mtu wa mashuti na pasi ndefu. Sander Berge pale katikati. Watu hawa walijua Samatta anakimbilia wapi kabla hajaanza kukimbia. Na straika wa aina yake hakai na mpira, hapigi chenga mabeki watatu. Kazi yake ni kuchomoka kati ya beki na beki, na mbio hizo ni jasho la bure kama hakuna anayeziona. Villa alikuta timu inayopigania kutoshuka daraja, imekaa nyuma, na mpira ukipatikana unakwenda kwa Jack Grealish, ambaye naye alipenda kuukumbatia. Samatta anachomoka, anageuka, mpira bado uko kule kule. Nyie mlikuwa mnautazama mpira. Mimi nilikuwa namtazama asiye nao.

Ushahidi uko Wembley. Tarehe 1 Machi 2020, fainali ya Kombe la Ligi, Manchester City wanaongoza 2-0. El Ghazi anamwaga krosi moja, nasema moja, Samatta anajirusha, kichwa, nyavuni! Villa wakafungwa 2-1, sawa, lakini huyo ndiye ambaye ligi ilimshinda.

Najua kuna mtu anasema kimoyomoyo: mchezaji mkubwa kweli hangoji krosi, mbona Maradona wa Argentina alibeba Kombe la Dunia la 1986 peke yake? Hiyo "peke yake" imenichosha. Fainali na Ujerumani Magharibi iliisha 3-2. Maradona alifunga mangapi? Hakufunga hata moja. Walifunga Brown, Valdano na Burruchaga. Wajerumani wamesawazisha, wote wanamwangalia yeye, Burruchaga anapita zake, Maradona anampenyezea, bao la tatu, kombe. Mnaweza kunigeuzia kibao: kumbe Burruchaga ndiye anayedaiwa! Kabisa. Deni linakwenda pande zote mbili, ndiyo maana sikubali ule mchezo wa asilimia, eti Maradona sabini, wenzake thelathini. Mmepima kwa mizani gani? Lile bao la michuano ile ile, la kuwapita Waingereza nusu timu, ni lake, sibishi. Hata pale alipewa mpira na Héctor Enrique, ingawa pasi ile hata mama yangu angeipiga.

Mtu wa Yanga ananyoosha mkono. Teremsha, nakujua. Utasema straika wenu Mayele aliondoka 2023 na ubingwa ukabaki kwenu Jangwani, Aziz Ki akafunga 21. Ahsante, umenisaidia: kiwanda cha pasi kilibaki, akabadilika mfungaji. Ila haki yako nikupe, Mayele naye aliendelea kufunga kule Pyramids ya Misri mpaka wakatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2025. Hilo linanisumbua kidogo. Tutalizungumza kwenye chai.

Haraka haraka, Makélélé. Kiungo punda, wa kukaba na kuwabebea wenzake mzigo. Mwaka 2003 Real Madrid wakamwachia aende Chelsea, kiangazi kile kile wakamnunua Beckham. Zidane yupo, Ronaldo yule wa Brazil yupo, Figo yupo, Raúl yupo. Wakamaliza wa nne, wakakaa mpaka 2007 ndipo wakaonja tena ubingwa wa ligi. Chelsea, akiwa Makélélé pale katikati, walichukua ubingwa wa 2004/05 wakiruhusu mabao 15 tu msimu mzima. Na bado mzazi ananifuata uwanjani kuniambia, "Kocha, mwanangu mpe namba kumi." Wote kumi! Namba sita, kazi ya Makélélé, atacheza nani, mimi?

Nilikuwa na Pelé pia, Brazil ya 1962, aliumia mechi ya pili, Garrincha akawavusha na kombe wakalitwaa, lakini mwenyekiti ananionyesha saa kwa mara ya pili na sura yake siipendi.

Basi jambo moja la mazoezini. Bao likifungwa, pulizeni filimbi, msimamisheni mfungaji mumuulize: aliyekupa pasi, yeye mpira aliupata kwa nani? Wengi watabaki wanaangaliana. Mwacheni aende akamtafute ndipo mchezo uendelee.

Maswali, tafadhali. Mwenye swali la Messi na Ronaldo akae chini.